Mpaka Mtu Aseme Imeshika

Kwenye ile mashua yao ndogo ya kutembelea kulikuwa na sheria moja: injini haizimwi mpaka mke aseme "imeshika," yaani nanga imekamata chini. Mume alikaa nyuma, kwenye usukani. Mke alisimama omo, mbele kabisa, penye mnyororo wa nanga. Injini ilipiga kelele za kinu, kwa hiyo walisemeshana kwa mikono. Ngumi ni simama, kiganja wazi ni rudi nyuma. Tangu mume alipostaafu ualimu na mke kuuza cherehani yake, walizunguka hivyo, ghuba hadi ghuba, na wenye mashua wengine wakawabandika jina la Mabubu. Watoto wao, walio nchi kavu, walisema afadhali, maana wakitumia midomo hawapatani.

Asubuhi moja waliingia ghuba yenye maji yaliyotulia tuli. Mke akainua ngumi. Mashua ikazidi kusonga. Akaitikisa ngumi, na mume akaitikia kwa tabasamu, "Sawa, sawa!", huku akiwapeleka mwambani. Ilibidi mke apige ukelele.

"Umesinzia, mzee?"

"Jua limenipiga machoni."

Jua lilikuwa mgongoni mwake.

Mke akaamua kumpima. Kwenye ghuba iliyofuata, mwanamke mzima na mvi zake, alimgeukia mumewe akamtolea ulimi wote nje.

"Nimekuona!" mume akajibu, akitikisa kichwa kwa heshima zote.

Hapo mke akaelewa. Macho ya mzee yamekwisha. Watoto wakijua, mashua itauzwa kabla ya wiki kuisha, naye atakalishwa kibarazani kulinda viatu vya wajukuu. Mke asiposema kitu, siku moja mwamba utasema. Aliogopa yote mawili, na hakujua aogope lipi zaidi.

Akaenda nyuma. "Miguu inaniuma leo. Nenda wewe omo, nishike usukani."

"Wewe? Utatupandisha mwambani!"

"Hilo umeshanitangulia."

Mume akaachia usukani. Kisha akaenda mbele, akipapasa kamba ya ubavuni hatua kwa hatua. Mke akaingiza mashua polepole, akapaaza sauti, "Tia!" Nanga ikazama. Akairudisha mashua nyuma kidogo, mume akachuchumaa na kuweka kiganja juu ya mnyororo, kama mke alivyofanya miaka yote. Nanga ikiburuta, mnyororo hutetemeka. Ikishika, hukaza na kutulia. Kazi hiyo haina haja na macho.

Mke akangoja, mkono kwenye swichi ya injini.

"Umejua lini?" mume akauliza kwa sauti ya juu, bila kugeuka.

"Nilipokutolea ulimi ukaniitikia!"

Mume akacheka mpaka akakohoa. Wale Mabubu walikuwa wanapigiana kelele siri yao kutoka mwanzo wa mashua hadi mwisho, na ghuba nzima inasikia. Kicheko kikamwisha.

"Utawaambia watoto?"

"Injini inanguruma, mzee! Nasubiri neno!"

Mume akarudisha kiganja kwenye mnyororo, akainamisha kichwa, mpaka mnyororo ukakaza na kutulia.

"Imeshika," akasema.

Mke akazima.