Vileja vya Waolmeki

Jumamosi iliyopita, kwenye basi la kutoka Small Heath kwenda mjini, mbele yangu alikaa mama wa Kizanzibari amepakata kopo la vileja, biskuti za kwao za unga wa mchele na iliki. Pembeni yake alikuwepo binti yake na masanduku, anahamia bweni la chuo liitwalo Nyumba ya Olmeki.

"Hao wenye nyumba, akina Olmeki, wana watoto?" mama aliuliza.

Kwao nyumba huitwa kwa jina la ukoo unaokaa humo, na mtu hampeleki mwanawe kwa watu mikono mitupu.

Binti alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa hapa Uingereza. Waolmeki ni watu wa kale wa Meksiko, chuo kimeazima jina lao tu. Jengo la jirani limepewa jina la Watolteki, nao watu wa kale wa huko. Hakuna hata mmoja wao anayekaa pale.

Mama alimgeukia. "Sasa nitakukabidhi kwa nani?"

Binti akamlalia begani. "Wapo wenzangu, mama," alisema, safari hii kwa Kiswahili.

Mama akafungua kopo, akasogeza vileja vingi upande mmoja. "Hivi vya wenzako." Vilivyobaki akanigeuzia mimi. "Karibu, baba. Wenyewe hawapo."

Wakuu wa chuo wameandika jina la Waolmeki mlangoni, na ni jambo jema. Aliyewatengea chakula ni mama huyu. Nasikitika kuwaarifu kwamba fungu lao nimelila mimi, na iliki ilikuwa imekolea.