Glavu Nyekundu za Neema

Nikisikia harufu ya sufu iliyolowa ikikaukia juu ya radieta ya kupasha nyumba joto, narudi Koekelberg, mtaa wetu wa ugenini, miaka ya tisini, katika ile nyumba yetu ndogo. Kila jioni ya baridi Maman alianika glavu zangu huku akilalamika kwamba Wazungu wana nchi nzuri, ila Mungu alisahau kuiwashia moto.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Neema alikuwa anakuja. Tulipoondoka Bukavu alikuwa na miaka miwili, tena ana surua, hakuweza kupanda ndege, basi Maman akamwacha kwa Koko, bibi yetu, kwa miezi michache tu. Kisha vita vikaingia, karatasi zikakwama, miezi ikageuka miaka. Sasa anakuja! Jamani, Maman alikuwa akiimba hata akimenya viazi.

Jumamosi moja tukaenda dukani kumchagulia glavu. Muuzaji, mama wa Kizungu mwenye miwani, aliuliza mtoto ana ukubwa gani, akalaza kiganja hewani, vile sisi tunavyoonyesha urefu wa mbuzi. Maman akanigeukia, macho yamemtoka.

"Ona huyu! Mutoto yangu ni mbuzi?"

Akamwonyesha mtu anavyopimwa kwetu, mkono umeinuliwa, vidole vikitazama juu. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya makoti.

Ila mkono wenyewe ulikuwa chini mno, haukufika hata kiunoni mwake. Muuzaji akauliza umri. "Sept ans," Maman akajibu bila kusita. Yule mama akaleta glavu za vidole vitano, saizi ya miaka saba. Maman akazirudisha.

"Non, madame. Petite."

Akachagua zile za watoto wadogo zinazoitwa moufles, kidole gumba peke yake na vingine vyote pamoja. Zilikuwa nyekundu, zimeungwa kwa kamba ya kupitisha ndani ya koti zisipotee. Nikamwambia Maman kwamba Neema alishakuwa mkubwa.

"Unamujua kunipita?" akanikata. "Ni miye nilimuzala."

Muuzaji akainua mabega, akazifunga.

Kwenye uwanja wa ndege Neema alitokea ameshikwa mkono na tonton mmoja, mtu mzima wa kanisa letu, aliyesafiri naye. Mtoto alikuwa mrefu, ananifikia begani. Maman akapiga magoti, akamkumbatia, akalia, akacheka, kisha akatoa zile moufles na kuanza kumvisha palepale, watu wakitupita na mizigo yao. Zikafika katikati ya kiganja, zikagoma. Akavuta. Akavuta tena. Neema aliuacha mkono wake uvutwe, kama mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mgeni.

Halafu akasema polepole, "Wacha tu, tantine. Siko nasikia baridi."

Tantine. Mama yake mzazi, akamwita shangazi. Papa, baba yetu, akageuka, akajifanya anatafuta ufunguo wa gari. Mimi nilidhani Maman analia kwa sababu amekosea saizi, nikamfariji kwamba duka litazibadilisha.

Leo nina watoto wangu, na ninaumia kila nikimkumbuka Maman pale chini amepiga magoti. Umri wa Neema aliujua vizuri mno; kila siku yake ya kuzaliwa alimpikia na kumwombea, ingawa mtoto alikuwa mbali. Lakini akilini mwake mtoto alikuwa bado amesimama palepale alipomwacha, na Maman aliamini kabisa kwamba atamkuta hapo amchukue, waendelee. Ile miaka hakuna aliyemrudishia.

Neema alikuwa mtoto mpole, hakutusumbua. Baada ya wiki chache alianza kumwita mama yetu "Maman", kwa kuwa Papa alimwomba. Lakini akishikwa na homa alimlilia Koko, "Koko, uko wapi?", na Maman, ameketi ukingoni mwa kitanda, akimpangusa jasho, alimwitikia, "Niko hapa."