Dawa ya Kushusha Kinga

Dada yangu mkubwa anauza dawa za asili Darajani, kwenye meza aliyoirithi kwa mama yetu. Korona ilipoingia Unguja, biashara yake ilipanda na yangu ikafa. Mimi ni fundi wa mafriji. Kazi zangu nyingi zilikuwa kwenye mahoteli ya Kendwa, na watalii walipokatika hapakuwa na friji la kutengeneza. Yeye alishinda akifunga vipakiti vya habasoda, tangawizi kavu na mdalasini. Wateja wake wote walitaka kitu kimoja: cha kuongeza kinga.

Kwa kukosa kazi, nikasoma. Skuli niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo nasoma polepole, kamusi pembeni, na siivuki aya mpaka niielewe. Nilitaka kujua kwa nini watu wawili wapate kirusi kimoja, mmoja akohoe kidogo apone, mwengine ashindwe kupumua. Nilidhani jibu ni kinga dhaifu. Kumbe hiyo ni nusu ya jibu. Kwa wengi wanaozidiwa, kirusi chenyewe huwa kimeshaanza kupungua, ila seli za kinga zilizokusanyika mapafuni hazitulii. Zipo zinazoishi humo siku zote, kazi yao kumeza uchafu. Hizo zikichokozwa huita wenzao kwenye damu. Wanaoitikia huja kwa wingi, wakamwaga sumu iliyokusudiwa adui, na sumu haichagui. Mishipa midogo huvuja, vifuko vya hewa hujaa maji, na mtu huzama hali yuko kitandani.

Nilimweleza dada haya mezani kwake. Alikuwa anapima mdalasini.

"Sasa unataka niwaambie wateja kinga mbaya?"

"Sikusema mbaya."

"Basi nipishe, profesa. Umeniwekea kivuli kwenye mizani."

Mwaka uliofuata akaugua yeye. Alianza na homa na kikohozi, binti yake akawa anampikia chai ya tangawizi, nami sikuona kosa. Homa ikapoa, tukashukuru. Kisha asubuhi moja aliniita, na pumzi ikamwishia katikati ya jina langu. Tukampeleka hospitali, akawekewa hewa ya mtungi.

Siku ya pili muuguzi alinipigia simu. Dada alikuwa anakataa dawa. Nilipofika, muuguzi alinipokea mlangoni, amechoka lakini hakukasirika.

"Aliniuliza vidonge hivi vinafanya nini," alisema. "Nikamwambia ukweli: vinashusha kinga, bibi, ili mapafu yapumzike. Tangu hapo amefumba mdomo. Na hewa tushamuongezea mara mbili. Akiendelea kukataa, sijui kesho tutamsaidia kwa kitu gani."

Binti wa dada alikuwa kwenye benchi la ukumbini, chupa ya chai mapajani.

"Mjomba, mama yuko vitani," aliniambia. "Hawa wanataka kumnyang'anya silaha. Na wewe unakuja kuwasaidia?"

Nilivaa barakoa na joho la plastiki nililopewa, nikaingia, muuguzi nyuma yangu.

Dada alikuwa amekaa, mito imemzunguka, mabega yakipanda na kushuka. Nilimwamkia shikamoo. Marahaba yake ilitoka vipande viwili.

"Wamekutuma," alisema.

"Wamenituma. Lakini hata wasingenituma ningekuja."

Nikaanza na ninachokijua. Nikamwambia kuna friji ambalo halikati. Mashine yake nzima, baridi yake nzuri, kasoro yake ni kwamba halijui kusimama. Linagandisha kila kitu mpaka chupa zinapasuka. Fundi hatafuti la kuliongezea nguvu. Anatafuta la kulifanya lipumzike.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mie si friji," alisema, akageuza uso.

Mtungi ulikuwa ukivuma. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, na nilikuwa namshindwa. Hapo ndipo nilipokumbuka usiku mmoja Forodhani, kwenye wauza vyakula vya pwani.

"Dada, unakumbuka wale kamba?"

Macho yalirudi kwangu. Alikuwa bi harusi mpya. Mumewe, Mungu amrehemu, alitununulia mishikaki ya kamba. Dada hakumaliza wake. Midomo ilivimba, macho yakaziba, koo likaanza kufunga, tukambeba mbio hospitali. Tangu siku ile hata sufuria iliyopikiwa kamba haitumii.

"Walikuwa na sumu?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa.

"Mimi nilikula?"

"Ulimaliza... na wangu."

"Basi nani aliyekukaba koo?"

"Mwili wangu."

"Ulikuwa dhaifu?"

Alimtazama muuguzi. Sikutaka kumshinda kwa uongo, kwa hiyo nikamwambia kwamba seli zilizofanya yale si hizi zinazomsumbua sasa. Lakini kati ya sindano alizopigwa siku ile, moja inaelekea ilikuwa ndugu ya vidonge hivi. Nikamgeukia muuguzi.

"Ukoo mmoja," alisema. "Nayo inashusha kinga."

"Mbona hukusema hayo tangu mwanzo?" dada aliniuliza.

"Nilianza na friji."

Alicheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikamshika mpaka nikaogopa. Kilipomwachia, alifungua kiganja, na muuguzi akamwekea vidonge.

Nje nilimweleza binti yake, nikamsisitizia asije akanunua dawa hizo dukani akawagawia watu nyumbani: asiyepungukiwa na hewa hazimfai, zinaweza kumdhuru. Kisha nikamwomba chai. Tuliinywa wote wawili.

Dada hakuinuka kesho yake. Hewa ilipunguzwa kidogo kidogo, akarudi nyumbani amekonda, na mpaka leo akipanda ngazi husimama katikati. Kama ni vidonge vilivyomponya, siwezi kuapa. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu. Yeye anasema ni habasoda. Hatubishani.

Mwezi uliopita nilikuwa mezani kwake alipokuja bwana mmoja kumnunulia mama yake kipakiti cha kinga.

"Anahema sana," alisema. "Kifua kinambana."

Mkono wa dada ulikuwa ushanyooka na kipakiti. Aliurudisha.

"Akisema, anamaliza maneno?"

"Anakatakata."

"Basi huna haja na mie. Mpeleke hospitali sasa hivi."

Yule bwana aliitazama meza yote ile ya dawa, kisha akamtazama mwenye meza, kama anayedhani kakosea mahali.

"Nenda," dada alimwambia. "Na wakimpa dawa ya kushusha kinga, mwambie anywe. Ukirudi nitakueleza habari za kamba."