Hodi Tatu za Mwanasaumu

Saa mbili asubuhi, Mwanasaumu Kombe anakaza leso kiunoni na kupokea karatasi: "Meli mbili zaonekana kaskazini." Anaelekea chumba cha kamanda.

Meli zenyewe hazipo. Ni vizibo vya soda juu ya ramani, katika kituo kimoja cha utafiti huko Bombolulu. Maafisa wa jeshi wanacheza vita vya kuigiza, nao watafiti wanapima jinsi amri zinavyoteremka na habari zinavyopanda. Simu ni marufuku. Kila ujumbe hupita mikononi mwa mjane huyu wa mtaa wa Mjambere, aliyeishia darasa la saba.

"Mimi ndiyo simu yao," asema akicheka. "Tena simu isiyoisha chaji, alhamdulillahi."

Mumewe alipofariki, alifua nguo za watu kwa miaka sita. Hapa hupata shilingi mia nane kwa siku, na nyumba yake imetulia.

Lakini wiki ya kwanza, akiwa bado anajaribiwa, nusura kazi imponyoke. Alimpelekea kamanda wa mchezo, Meja Matthew, ujumbe wa hatari. Akapiga hodi mara tatu. Kimya. Akarudi nao.

Dakika kumi baadaye meli ya Meja ilikuwa imezama.

"Mama, vita vinangoja hodi?" Meja alifoka.

"Mwanangu, dini yasema mara tatu, usipojibiwa urudi. Nitamwingiliaje mtu?"

Alikwenda kuswali adhuhuri akijua akirudi atafukuzwa. Badala yake mtafiti mkuu, Jacktone Oduor, alimwonyesha daftari linaloandikwa saa ya kila ujumbe. Wakati ule Meja alikuwa na karatasi kumi na tisa mezani; hodi hakuisikia.

"Hukukosea, mama. Habari zote zinapita mlango mmoja, na mwenye mlango amezidiwa. Ungeingia tu, tusingejua."

Kuanzia Jumatatu watajaribu milango miwili: msaidizi wa kamanda naye atapokea habari. Mlango wa pili unataka tarishi, na Mwanasaumu amemwombea kazi hiyo jirani yake Dorothy, mjane mwenziwe.

"Naye hupiga hodi tatu?" Oduor aliuliza.

"Huyo? Hata moja! Utamkuta jikoni kwako ashafunua sufuria."

"Basi aje. Tutawalinganisha."

"Kila asubuhi tutatoka Mjambere pamoja, inshallah," asema Mwanasaumu. "Mungu hakunipa mimi peke yangu."

Amefika mlangoni kwa Meja na karatasi yake. Hodi ya kwanza haijamtoka yote mdomoni, sauti inaitika ndani:

"Karibu, mama! Shikamoo!"