Joto la Nkubu Lililozidi la Runyenjes

Mimi si mtu wa kutoka. Mbuzi wangu amewahi kufika mbali kuliko mimi. Lakini wiki nzima mke wangu, Karimi, alimsifu Nyaga mbele ya chai yangu. Nyaga nilisoma naye sekondari: yeye namba moja, mimi namba mbili, miaka yote minne. Sasa redio imesema daftari analoandikia vipimo vya joto litapelekwa kwa wataalamu wa tabianchi wanaokutana Embu. Kwake joto halijapanda hata nyuzi moja nzima. Kwangu, ambako nami hupima, kwa miaka mitano tu limepanda tatu! Nikachukua daftari langu, nikaapa kwamba nalo litaingia mkutanoni.

Saa moja asubuhi niliondoka Nkubu. Kufika Chuka nilikuwa nimekumbuka kitanda changu mara mbili.

Saa nne, Runyenjes. Nilimuuliza mwendesha boda boda kama anapajua kwa Nyaga.

"Nyaga wa Joto? Panda, mzee."

Mtu amepewa cheo! Njia nzima, katikati ya michai, sikuona uzuri wowote.

Nyaga alinipokea langoni akicheka. "Namba Mbili! Umetoka nyumbani kweli? Nani amekufukuza?"

"Nimekuja kukushinda," nikasema, nikampa daftari.

Alilisoma kwa makini. Kisha akanipeleka uani. Kwenye nyasi, mbali na nyumba, kilisimama kisanduku cheupe chenye mianya ya kupitisha hewa, kipimajoto ndani. Marehemu baba yake ndiye aliyeanza kupima; Nyaga ameendelea, kila siku saa tatu asubuhi. Kilikuwa kizuri. Nilikichukia papo hapo.

"Chako kiko wapi?" akauliza.

"Ukuta wa jikoni. Ili nisome nikiwa nimekaa."

"Ukuta wa mabati? Na moto uko upande gani?"

Nikakohoa. Mwaka juzi Karimi alihamishia mafiga upande huohuo.

"Ndugu yangu," akasema, akijizuia kucheka, "umepima githeri ya mke wako ikitokota."

Tukila, akanieleza. Mataifa yalipokubaliana kujitahidi joto lisipite nyuzi moja na nusu, hayakumaanisha mchana mmoja wa jua kali, wala jiko la mtu. Ni wastani wa dunia nzima, kwa miaka mingi, ukilinganishwa na enzi za kabla ya viwanda.

"Kwa hivyo hata hiyo nusu ni kubwa," akasema. "Majani ya chai yanaijua. Na ndiyo maana siwezi kubeba daftari lako hadi Embu. Likiwa na uongo mmoja, watalitilia shaka hata langu."

Iliniuma, hasa kwa sababu alisema kwa upole.

"Nitahitaji miaka mingapi?"

"Thelathini hivi, ndipo uitwe wastani."

Nina miaka hamsini na minne.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa Nkubu. "Wameandika jina lako?" Karimi akauliza.

"Lingepaswa kuwa lako," nikamjibu, nikaenda kung'oa kipimajoto.

Nilichojifunza ni hiki: dunia haipimwi kutoka kwenye kigoda. Kisanduku changu sasa kiko mwisho wa shamba, na kila asubuhi natembea kwenye umande kama adhabu. Siku ya kwanza, saa tatu kamili, nilipaza sauti: "Kumi na sita!"

Karimi akachungulia mlango wa jikoni.

"Na kwa Nyaga ni ngapi?"