Bomba Lililomngoja Mwenyekiti

Hapa Babati, Mwafrika akiongea Kiswahili chenye harufu ya Kifaransa anaitwa Msenegali, basi, kesi imekwisha. Mume wangu ni mtu wa Mali, kabila lake Msoninke, na ameeleza hivyo mpaka amechoka. Lakini ukifika stendi ukauliza duka la vitenge la Demba Tunkara watakujibu, "Aaa, Msenegali? Pita pale kwenye mlango wa kijani." Mimi ndiye mke wa huyo Msenegali. Naitwa Tunu, mama yangu Mrangi wa Kondoa, baba amezaliwa hapa hapa mjini. Nikianza kusema habari za huyu bwana mnivumilie, maana nina hasira naye na nina huruma naye, na siku hizi siwezi kuzitenganisha.

Alikuja nchi hii kijana, akifuata tanzanite, mawe ya Mererani, kama wenzake wengi wa kule. Mawe hayakumpenda. Wenzake wakapata wakaenda zao, yeye akashuka Babati na mzigo wa vitenge begani, akizungusha mtaa kwa mtaa. Ndivyo alivyonipata. Alipokuja kuposa, mjomba wangu Salum alimuuliza, "Baba, kwenu mbali hivyo, ukipotea tukutafute wapi?" Demba akajibu, "Mtu wa kwetu hapotei, mjomba." Mjomba akacheka akasema haya, mchukue, lakini ujue umechukua pilipili, usije ukalia hapa.

Basi maneno yale, mtu wa kwetu hapotei, nilikuja kuyaelewa ndani ya ndoa. Watu wa kijiji chao, Sambakolo, wametawanyika dunia nzima. Mmoja yuko Arusha, mwingine Lubumbashi, mwingine Luanda, wengine Paris wanafagia treni. Na popote walipo wana umoja wao wa kukisaidia kijiji. Wakamchagua mume wangu mwenyekiti. Mtu wa Babati, jamani, kuongoza mpaka watu wa Paris! Nilimuuliza kwa nini wewe, akasema kwa sababu sijawahi kula jasho la mtu. Na ni kweli, sitamsingizia. Tangu hapo nyumba yetu, hapa Nakwa, ikawa ofisi. Anatoka msikitini, anakula, anakaa na simu, sauti za WhatsApp zinaanza, Kisoninke kitupu mpaka watoto wanalala. Waliezeka shule ya kijiji. Wakajenga zahanati. Halafu wakaingia kwenye maji.

Maji ndiyo yalikuwa moyo wake. Kisima cha Sambakolo ni kirefu mno, unavuta kamba mpaka mgongo unalia, na mama yake, Mama Kumba, alivuta kamba ile tangu alipoolewa. Demba anasema akiwa mdogo mama akimpapasa usoni, viganja vilikuwa vinakwaruza kama kisigino. Alipoondoka kwao alimwahidi kwamba atarudi na maji. Maskini, aliahidi kitoto, na mama akapokea kikubwa.

Hakurudi. Mwanzoni hakuwa na uwezo. Baadaye uwezo ulikuwepo, ikaja aibu, kwamba mtu aliyekaa nje miaka yote hiyo hawezi kuingia kijijini mikono mitupu. Baadaye tena ikawa kazi za umoja. Nikimwambia nenda ukamwone mama yako hata wiki mbili, ananijibu, "Nitakwenda na maji, Mama Rahma." Utamwambia nini mtu anayekwenda na maji?

Mama mkwe wangu sikuwahi kumgusa mkono. Tulionana kwenye simu tu. Kisoninke najua salamu, yeye Kiswahili hajui hata salamu, lakini tulikuwa tunachekana. Akimwona mwanangu Mudy anajitanda vizuri, anajifanya ana haya, ati huyo ndiye mume wake. Meno hana, anacheka mpaka machozi. Na kila simu, kabla ya kuagana, anamuuliza mwanawe swali moja, lile lile. Sikuhitaji mkalimani. Siku moja nikamuuliza Demba, "Umemjibu nini?" Akasema, "Nimemwambia nakuja karibuni."

Kuna jambo moja la kwao lazima niliseme. Mgeni akiingia, kwanza maji. Huulizwi unatoka wapi, husemi lililokuleta, mpaka umekunywa. Demba aliifanya hiyo sheria ya nyumba yangu. Hata jirani yetu Coletha, Mama Venance, mama wa Kimbulu asiyependa kupoteza muda, akija kuomba chumvi tu atapewa glasi. "Mwenzangu," huwa ananiambia, "siku moja nyumba hii nitazama."

Sasa hilo ni la kwao, na ni zuri. Lililotuua tulimfundisha sisi.

Kulikuwa na mahafali ya chekechea moja kule Mutuka. Mwalimu mkuu alikuwa mteja wetu, akamwalika Demba awe mgeni rasmi. Basi akavaa lile bubu lake la bluu, kanzu pana ya kwao, likapigwa pasi mpaka linang'aa, tukaondoka. Asubuhi alikuwa amekwenda Bonga kupeleka vitenge, pikipiki ikapata pancha akachelewa kurudi, tukafika Mutuka jua limekwishapinduka. Watoto wamepangwa juani na majoho yao ya karatasi, jasho linawatiririka. Pilau imepoa. Hakuna aliyekula wala aliyekaa, wanamngoja mgeni rasmi. Alipotokea, vigelegele! Akavishwa shada, akaitwa mheshimiwa, akakata utepe wa darasa ambalo watoto walikuwa wanalitumia tangu Januari. Mama Venance alikuwepo na mjukuu wake, akaninong'oneza, "Watoto wameungua kama mahindi kwa ajili ya mtu mmoja." Mimi nikacheka. Demba yeye, njiani kurudi, alikuwa ameshika shada lake mikononi. Kisha akasema, "Umeona wanavyoheshimu mtu? Wamemngoja."

Heshima ile ilimwingia kwenye damu. Sisi Watanzania tumezaliwa nayo, tunajua kuibeza. Daraja limekwisha kujengwa, tunavuka chini kwenye matope tukingoja mkubwa aje akate utepe, na tunatukana tukivuka. Demba hakujua kutukana. Yeye aliona ni adabu.

Mwaka jana maji ya Sambakolo yakapatikana. Dada yake mdogo, Sira, akatuma video. Tenki juu, sola zinawaka, bomba katikati ya uwanja. Fundi akafungulia kujaribu, maji yakaruka, wanawake wakapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Demba alilia. Nami nililia, kusema ukweli. Halafu akajifuta uso, akashika simu, akatuma sauti kwa kundi zima, na kijijini wakaisikiliza wamekusanyika. Alinitafsiria mwenyewe kwa furaha. "Fungeni bomba kwa kufuli mpaka nije. Hakuna atakayekunywa kabla ya mama yangu, na mama yangu atakunywa kwa mkono wangu."

Nikasema, "Baba Rahma, si wanywe tu? Sherehe utaifanya ukifika."

"Mradi hauzinduliwi hivyo."

"Mradi ni maji. Kiu inazinduliwa na nani?"

Akanikasirikia. Akasema mambo ya umoja niyaache, na kwamba hata hapa kwetu hakuna kinachofunguliwa bila mgeni rasmi, kwa nini kwao ndipo pawe kama hapana mwenyewe. Na kweli hapa kwetu ndivyo tulivyo.

Alikuwa aende mwezi uleule. Lo! Pasi yake ya kusafiria ikakutwa imekwisha muda, na ubalozi wao hauko nchi hii. Pasi ikaja, ikaingia harusi ya Rahma, binti yetu mkubwa, baba hawezi kuikosa. Harusi ikapita, viongozi wenzake wa Luanda na Paris wakasema nao wanataka kuwepo, ngoja tupatane tarehe. Wakapanga, wakapangua. Ukiitazama sababu moja moja utasema haki yake. Zikusanye sasa uone. Na huku kijijini mvua hakuna, wanawake wanapita mbele ya bomba jipya lenye kufuli na utepe, wanakwenda kuvuta kamba.

Mama yake hakulalamika hata siku moja. Kwenye simu alionyesha bomba kwa kidole nyuma yake, akacheka, akasema tutakunywa ukija.

Ikafika siku ya Waly. Waly ndiye katibu wa umoja, anakaa Arusha, kijana mwenye adabu, hana tabia ya kuja bila kupiga simu. Nilikuwa nachambua maharage barazani, nikaona gari dogo linasimama. "Shikamoo, Mama Rahma." "Marahaba, baba, karibu, mbona kimya kimya?" Akavua viatu, akakaa. Demba alikuwa amerudi kutoka dukani mapema, akatoka ndani kwa furaha, akanipigia kelele, "Maji! Mleteeni mgeni maji!"

Nikaleta glasi. Waly akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaiweka mezani. Demba akasema kunywa, Waly akatikisa kichwa. Wakatazamana. Kwao habari ya kifo cha mzazi haipigwi simu, anatumwa mtu aje akae karibu nawe. Mimi hilo sikulijua. Demba alilijua, akakaa chini sakafuni, siyo kwenye kiti.

"Mama," akasema. Waly akasema ndiyo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki jana alfajiri, wamezika adhuhuri, Waislamu hatucheleweshi maiti.

Nikadhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Demba akamuuliza kwa Kiswahili, nadhani alitaka nami nisikie, "Alikunywa?"

Waly alikuwa hataki kusema. Demba akamuuliza mara ya pili. Basi Waly akasema. Kwamba wiki iliyopita mama alishikwa na homa, midomo ikakauka. Sira akamfuata mzee anayetunza ufunguo, akamlilia, mzee akafungua kwa siri, akajaza kikombe. Wakampelekea. Mama akanusa, akajua siyo maji ya kisima. Akakirudisha. Akasema, "Mwanangu amesema kwa mkono wake. Msimwaibishe mwanangu." Kikombe kikarudi, kufuli likafungwa, Sira akaenda kisimani. Na maji ya kumuoshea mwili yalivutwa kisimani vile vile, kwa sababu mwenyekiti alikuwa hajasema lolote, na mwenyekiti alikuwa bado hajaambiwa.

Nimeishi na mwanaume huyu miaka mingi, nimemwona akiibiwa, akiugua, akitukanwa mgeni arudi kwao. Sijawahi kumsikia akitoa sauti ile. Alijipiga mdomo kwa kiganja, mara nyingi, mpaka Waly akamshika mkono. "Mdomo huu," alikuwa anasema, "mdomo huu ndio uliomnyima." Nilikuwa na maneno yangu ya "nilikwambia", nilikuwa nayo tayari tangu mwaka jana, yamenoleka. Yakayeyuka yote. Nilimkalia pembeni nikamshika mgongo.

Watu wa Babati kwa msiba hawaulizi ramani. Marehemu yuko Mali, hawajamwona, hawajui hata jina lake linaandikwaje, lakini kufikia alasiri mikeka imetandikwa uani, mjomba Salum amekuja na mkongojo wake, wanaume wanamwambia Demba pole, kazi ya Mungu. Siku ile bomba letu lilikuwa kavu, mtaa mzima maji yamekatika. Nilikuwa jikoni nawaza nitapikaje chai ya watu wote hawa. Nikasikia mlango wa uani. Mama Venance anaingia, ndoo kichwani, na nyuma yake wanawe, kila mmoja na dumu. Wametoka kisimani kwao. Hakumwambia mtu pole, hakungoja kukaribishwa. Akatua ndoo katikati ya watu, akachota kikombe, akampa aliyekuwa karibu, akachota tena, akampa mwingine. Demba alikuwa kwenye mkeka anamtazama. Mkono baada ya mkono kikombe kinakwenda, hakuna aliyeuliza nani aanze.

Demba akaniomba simu yake.

Akampigia Sira. Waly alikaa karibu nami akinitafsiria polepole. Demba alimwambia wafungue bomba. Sira akalia, kisha akasema mzee wa ufunguo amekwenda kaburini kuomba dua na wenzake. Demba akasema vunjeni. Sira akauliza, na utepe je? Akasema mfungie mbuzi. Kisha Sira akauliza swali ambalo kila mtu kule alikuwa anangoja kuliuliza, kwa sababu mwenyekiti alikwisha kulitolea amri na amri ile bado ilikuwa imesimama: sasa nani anywe kwanza?

Demba akakitazama kikombe cha Mama Venance kinavyokwenda mkono kwa mkono.

"Yeyote mwenye kiu," akasema.

Akanirudishia simu. Kisha akanionyesha meza ya barazani, akaniomba niiondoe ile glasi ya Waly. Ilikuwa bado pale pale, imejaa, kama kikombe kile alichokirudisha mama yake.