Mama Chupa na Alama Anayoiacha

Saa mbili asubuhi, mikono ya Mama Chupa imezama kwenye povu hadi viwikoni. Macho yake hayako kwenye sinki. Yako ukutani, kwenye karatasi aliyoifunika nailoni isilowe.

"Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mita 0.000007," anasoma kwa sauti. "Iandike kwa kipeo cha kumi. Haya, tumeanza tena."

Ana umri wa miaka thelathini na minane, na kwa miaka tisa ameosha vyombo vya kioo katika maabara ya hospitali. Jina hilo la utani alipewa na wataalamu wa hapo, naye amelizoea. Asichokizoea ni kufeli. Mtihani wa kujiunga na mafunzo ya msaidizi wa maabara umeshamshinda mara mbili, na huu wa wiki ijayo ndio wa mwisho anaoruhusiwa. Ukimshinda, ataosha hadi astaafu.

"Biolojia napita, kemia napita. Hivi vinamba vya juu ndivyo vinavyonitoa roho," anasema, akisugua mrija kwa brashi kama mwenye ugomvi nao.

Jioni hufundishwa na wifi yake, mwalimu wa fizikia, sebuleni kwa mwalimu huyo. Umbali wa jua, kilomita milioni mia moja na hamsini, anaupata bila kusita: 1.5 × 10⁸. Vikija vitu vidogo, mambo yanaharibika. Kwenye chembe ya damu ameandika 7 × 10⁶.

Mwalimu anavua miwani. "Wifi yangu, hii chembe ina upana wa kilomita elfu saba. Ni damu ya nani hiyo?"

"Ya kaka yako. Si mnajisifu mna damu nzito?"

Kicheko hakidumu. Jibu ni 7 × 10⁻⁶, na ile alama ya hasi ameiacha kwenye maswali yote ya vitu vidogo. Mwalimu ameshamweleza, ameshamchorea, ameshamgombeza.

"Mtu mzima na akili zake timamu," analalamika. "Nukta anaihamisha vizuri, hatua anazihesabu vizuri, halafu alama anaimeza. Kwa nini lakini?"

"Kwani ni lazima? Kazini mbona hawaiandiki?"

Mama Chupa anaeleza. Maabarani, sampuli hupunguzwa nguvu kwa maji safi, mrija baada ya mrija, kila mmoja ukiwa hafifu mara kumi kuliko uliotangulia. Mrija wa sita hubaki na sehemu moja tu ya milioni, yaani 10⁻⁶. Lakini wataalamu wana haraka na wanaelewana, basi kwenye mrija huandika 6 peke yake. Miaka tisa Mama Chupa amezifuta hizo sita, akijua kuwa sita ni ndogo kuliko mbili.

Mwalimu analaza kichwa mezani. "Mwaka mzima nakupigia kelele, hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Wanarudia maswali yote. Safari hii anakosa moja tu, la upana wa kirusi, na anajipiga kofi pajani kwa hasira.

Akifaulu, mafunzo ni ya mwaka mmoja, kisha atarudi maabara ileile, akiwa upande wa pili wa ukuta, wanakopimia sampuli.

"Naosha uchafu wa majibu ya watu," anasema, akikusanya karatasi zake. "Nimechoka. Nataka na mimi nichafue mirija yangu, mwingine aoshe."